Mapambo Kutoka Ndoo ya Meneja

Meneja alitoa agizo akiwa mlangoni, funguo za gari zikimchezacheza kidoleni. Mti wa Krismasi pale mapokezi upambwe. Wageni kutoka makao makuu wangefika Jumatano na mti uwe unapendeza, ila yeye asisikie habari ya kununua hata uzi.

"Shangazi, wewe una mikono," alimwambia mfagiaji wake. "Karatasi zinajaa kwenye ndoo yangu ya taka kila siku. Kunjakunja hizo, tupate mapambo ya bure."

"Nichukue zozote?"

"Zozote. Za ndooni ni zako."

Shangazi, maana ofisi nzima ya kampuni ile ya mizigo ilimwita hivyo, alimfuata hatua moja mlangoni. "Na barua yangu ya ruhusa, bosi? Alhamisi mama anafanyiwa macho. Hospitali hawampokei bila ndugu wa kukaa naye."

"Inafanyiwa kazi, Shangazi." Huyo akaenda zake.

Inafanyiwa kazi! Jibu hilo alishapewa mara nne. Barua zenyewe zilikuwa tatu, kila moja kaiandika kwa mkono wake, kwenye karatasi nzuri, kwa adabu zote za "naomba" na "kwa heshima na taadhima".

Jumamosi mchana alibeba nyumbani kiroba kizima cha karatasi. Ndicho alichokuwa akimwagia ndoo ya Meneja kila jioni, bila kuchungulia, kwani za mkubwa ni za mkubwa. Akatandika mkeka, akakoroga gundi ya unga wa ngano jikoni hadi ikavutika kama ulimi wa kinyonga. Pembeni aliweka vizibo vya soda vya kufanya kengele, karatasi za kung'aa za pakiti za majani ya chai, na uzi aliofumua kwenye gunia.

Mama yake aliketi ameegemea ukuta, macho yamefunikwa na ukungu mweupe, akikunja nyota kwa kupapasa. Ncha tano, zote sawasawa.

"Mikono yako ina macho, mama."

"Ingekuwa nayo nisingetia chumvi kwenye chai jana."

Walicheka. Kisha vidole vya mama vikasimama.

"Hii siyo karatasi. Bahasha hii, na ina kitu ndani."

"Itakuwa imetumika. Ichane tu."

"Nani kaitumia, na imefungwa hivi? Hebu shika. Gundi hii si ya kwetu?"

Shangazi akaishika. KWA MENEJA, mwandiko wake mwenyewe. Gundi yake mwenyewe, aliyoipaka hadi pembeni, na hakuna ukucha uliopita hapo. Akakimwaga kiroba chote mkekani. Ya pili hiyo. Ya tatu hii. Na hazikuwa zake tu: bahasha ya dereva, ya karani wa mapokezi, ya mtunza ghala, kila moja na jina la mwenyewe mgongoni, zote zimefungwa kama zilivyotoka mikononi mwao.

Damu ilimchemka. Si kwamba mtu yule alisoma akakataa. Angekataa, angalau angekuwa amesoma! Hakuona taabu hata ya kuchana bahasha. Na nani aliyezizika? Yeye Shangazi, kwa mikono yake, jioni baada ya jioni, akisema "usiku mwema, bosi" huku akiibeba shida ya mama yake kuipeleka kwenye kiroba.

"Ndiyo kazi inayofanyiwa, mama. Kazi ya kulala kwenye taka."

Mama alinyoosha mkono kudai nyingine. "Kwani alisema uchukue zipi?"

"Zozote."

"Basi tukunje. Majina yakae nje."

Hawakufungua hata moja, kwa sababu barua ya mtu ni ya mtu. Walizikunja mikunjo myembamba, wakazifunga uzi wa gunia katikati, zikapanuka kama vipepeo.

Jumatatu asubuhi mti ulikuwa umejaa. Dereva ndiye wa kwanza kuingia, akifuata funguo za lori.

"Aisee Shangazi! Mti umependeza kuliko aliyeuagiza!" Akasogea. Kicheko kikamkatika. "Hili si jina langu?"

"Ni lako. Lilikuwa kwenye ndoo."

Dereva aliichana bahasha kwa meno. "Breki! Tangu mwezi wa nane naomba breki! Nateremka mlima na tani kumi mgongoni huku nasali, barua yangu inakaa na maganda ya ndizi?"

Karani wa mapokezi aliinuka taratibu, mkono kiunoni, mimba ya miezi saba mbele yake. "Yangu iko wapi? Mimi niliomba kiti chenye mgongo tu. Kiti tu, jamani!"

Meneja aliwakuta wamezunguka mti. "Kuna msiba hapa? Na hayo ni nini? Shusheni takataka hizo, wageni wanakuja!"

"Ndizo zilizokuwa ndooni, bosi," Shangazi alisema. "Ulisema zozote."

"Nimesema shusha."

"Sishushi."

Neno hilo halikuwa limewahi kusikika katika jengo lile, angalau si kutoka kwa mwenye ufagio. Meneja akaukamata mwenyewe uzi mmoja, akavuta. Uzi wa gunia haukatiki kwa hasira za mtu. Mti ukainama, vizibo vya soda vikalia chwa chwa chwa.

"Taratibu, bosi," karani alimwambia. "Hiyo bado inafanyiwa kazi."

Dereva alicheka hadi akashika ukuta. Meneja aliuachia uzi, uso umemwiva.

Shangazi akafungua kipepeo chake kimoja. Akachana ile gundi kwa ukucha wake, akaitandaza barua mezani, akaweka kalamu juu yake. "Alhamisi, bosi. Mama yangu haoni."

Karatasi ilikuwa imezoea mikunjo, ikawa inajikunja tena na tena. Ilibidi Meneja aibane kwa kiganja cha mkono mmoja na kiwiko cha mwingine, ameinama mbele ya watu wake wote, na kwa kuwa hakuwa na pa kutazama pengine, akaisoma. Mstari kwa mstari, hadi mwisho. Kisha akatia saini.

"Haya. Sasa shusha hizo nyingine."

"Kupamba nimeshapamba," Shangazi alijibu, akiifutika barua kifuani. "Leo zamu yangu ni kufagia."

Zake mbili zilizobaki aliziacha mtini. Alizigeuza kidogo tu, jina la Meneja likaelekea mlangoni, watakakoingilia wageni, kisha akachukua ufagio wake.