Joto la Bure

Mashine ilinyamaza Jumanne, mvua ikiwa siku ya tano haijatupumzisha hapa Busale. Mwanangu Gwamaka alikuwa ameifunga kwenye stoo yangu, ikivuma kutwa nzima, eti inachimba sarafu za mtandaoni. Mgodi usio na udongo! Mimi sikuuliza. Nilichojua ni kwamba kwa nyuma inatoa upepo wa moto.

"Nani ameingia humu?" akatuuliza, mimi na mkewe Kisa.

Nikarukia mimi, mtu mzima na mvi zangu: "Muulize anayepiga deki. Maji na umeme wapi na wapi?"

Kisa akainama.

"Shamba la baba nililiuza nikanunua hii," Gwamaka akamwambia. "Kama umeiua, funga mzigo urudi kwenu Ngana."

Nilisikia. Nikaendelea kuchagua mchele kwenye sinia.

Kesho yake akaja fundi Hebroni kutoka mjini. Akapima waya. "Umeme unafika. Maji hayakuingia." Akaiwasha, ikavuma kidogo, ikalia pii pii, ikazima. "Feni ya nyuma haizunguki. Ikipata joto sana inajizima yenyewe isiungue."

Akalegeza skrubu nne, akaingiza koleo, akachomoa kitu, akakiweka kiganjani.

Punje ya kakao. Imekauka vizuri, ngozi ya kahawia, kama ninavyopenda mwenyewe.

"Ni mimi," Kisa akawahi, akimgeukia mumewe. "Nilianika kakao ya mama humu. Nisamehe, baba Tumaini."

Jamani! Yule binti hajawahi kuigusa kakao yangu. Jua lilikataa, nikaona itaota ukungu, nikauegemeza ungo wangu wenye kakao kwenye ule upepo siku nne, kila Gwamaka akitoka. Utani ulikuwa tayari ulimini, wa kuwachekesha wote yaishe. Ukakauka kuliko kakao.

"Anadanganya," nikasema. "Ni mimi. Na jana nilimwona analia, nikanyamaza."

Gwamaka alimgeukia mkewe, akashindwa kumtazama machoni, akamshikia fundi taa. Feni ikazunguka, stoo nzima ikanukia kakao.

Kisa akapitisha mkono nyuma ya gunia la mpunga, akautoa ungo wangu na kakao yake palepale nilipouficha. Kumbe alikuwa anajua siku zote.

"Mvua imekatika, mama. Tukaianike barazani."

"Ndaga, mwanangu," nikamshukuru, kwa sauti ambayo hata mimi sikuisikia vizuri.

Akatangulia na ungo. Nikamfuata nyuma, mikono mitupu.