Jaribio la Tano Linakataa

Kitu cha kwanza Glodie alichokiona ni nyayo. Zilikuwa za udongo mwekundu, za miguu mitupu, zilianzia chini ya meza ya kompyuta na kuishia mlangoni. Za kuingia hazikuwepo. Alichukua kitambaa akapangusa, maana kusafisha ofisi hii ya ushirika wa wachimbaji, pale Musonoi, ndiyo kazi yake.

Gaston, aliyetengeneza programu ya kuhesabu wanaoshuka shimoni na wanaotoka, alifungua dirisha jeusi la kompyuta, akaandika amri ya kuendesha majaribio ya kuona kama inahesabu sawasawa, akabonyeza. Kila jaribio likipita, kompyuta huandika nukta. Nukta nne zikatoka. La tano likakataa: ilitarajiwa 0, imepatikana 1.

Hapo Stany, kaka mkubwa wa Glodie, ambaye yeye humwita yaya, akatoka chini ya meza, vumbi hadi kwenye kope. Shimo lilimwangukia wiki tatu zilizopita.

"Sandali yangu iko wapi?" akauliza, kama kila mara, akaenda kusimama mlangoni.

"Panguza kwanza miguu," akasema Tata Barnabé, mkubwa wa ofisi, bila kuinua macho kutoka kwenye chai yake. "Gaston, mbona inakatala?"

"Ile ya tano nilikamata mu karatasi ya mulinzi, chef. Siku ile alihesabu sandali ku mulango ya shimo: kumi. Bantu benye kutoka: tisa."

Wachimbaji huacha sandali juu na kushuka miguu mitupu. Jozi isiyochukuliwa ni mtu aliyebaki. Mama yao Stany na Glodie, Mama Florentine, alikwisha kuja mara nne kuomba shimo lifukuliwe amzike mwanawe. Mara zote nne aliambiwa ripoti inasema hakuna aliyebaki.

"Ao programu yako njo inajua bantu kupita ripoti yangu?" akauliza Barnabé.

"Haijue bantu, chef. Inajua tu kumi kutoa tisa."

"Basi badirisha kile inangojea. Andika ingojee moja."

Gaston akafuta sifuri, akaandika moja, akabonyeza. Nukta tano.

Stany hakuwa tena mlangoni. Alitoka chini ya meza na nyayo mpya.

"Ona, imeandika OK," Barnabé akamwambia. "Weye ulishatoka."

Stany akaitazama miguu yake. "Na sandali?"

"Uliza mulinzi."

Mlinzi alikuwa amefukuzwa kazi Jumatatu.

Alasiri ile mashine ililijaza shimo udongo, ikalisawazisha. Gaston huendesha majaribio kila asubuhi. Nukta hutoka tano, na Stany hutoka pia. Barnabé amemnunulia Glodie kitambaa kipya, akasema ofisi inajali wafanyakazi wake.

Glodie hupangusa, kichwa chini. Maneno ambayo hajawahi kuyasema kwa sauti ni haya:

Tata Barnabé, sandali ya yaya Stany iko mu kabati yenu, chini ya ripoti. Kamba ya kushoto nilishonaka miye.