Uso wa Bwana Burashi

Safi alikuwa akipepeta mchele, eda yake haijafika nusu, askari wa boma la Kasongo walipoingia kuchukua kioo cha harusi yake. Kilikuwa kimefunikwa kitambaa tangu mumewe Faradji alipoanguka chini ya mzigo njia ya Kabambare. Nyumbani kwa mjane kioo hakifunuliwi, maana marehemu hajamaliza kutoka humo. Bwana Burashi, mzungu wa boma aliyempakia Faradji mzigo ule hali ana homa, hakuuliza. Alikifunua.

Alitaka kujichora. Kwao Ulaya alijifunza ufundi wa siku zile: rangi za mafuta nzito kama ugali, vivuli vya kijani, mtu ajitazame kiooni ajipake alivyo. Jioni picha ikawa na alama ya kamba ya mzigo kwenye paji, na kovu la kidevuni. Aliyetokea pichani alikuwa Faradji.

"Nafanana?"

"Sana, Bwana," alijibu Asani, mpishi. "Hata mamako angelia."

Kila alipoongeza rangi pichani, uso wake mwenyewe ulimtoka mahali palepale na wa Faradji ukakaa. Pua ilitangulia, macho yakafuata. Ngozi ilijigeuza bila kusumbua mtu. Asani alimpelekea Safi habari.

"Shemeji, kumebakia masikio tu."

"Umwambie asiyasahau. Leo ni zamu yake kuitwa mzigoni."

Mzungu mpya alipofika kutoka Nyangwe, alimkuta mpagazi amekalia kiti cha mkubwa wa boma, kavaa na viatu vyake. Akaamuru fimbo, kisha mzigo wa pembe.

"Mimi ndiye mkubwa wa boma!"

"Wote wanasemaka vile," askari alisema, akikaza kamba.

Safi alimngoja kizingitini, mwisho wa pale eda ilipomruhusu, kicheko kikiwa tayari.

"Bwana! Kabambare iko karibu! Ukichoka, jichore umekaa!"

Mpagazi akainua kichwa. Kamba ilikuwa palepale, juu ya paji lile lile. Midomo ilitetemeka kwa homa, kama asubuhi ile Faradji alipopakiwa.

Safi akaingia ndani. Alichota maji, akayatoa mlangoni. Askari akayamwaga, kama mara ile.

Mzungu mpya hakujua kuchora, akarudisha kioo. Mizigo iliendelea kutoka. Habari za mpagazi aliyeanguka zilipofika kutoka Kabambare, Safi alikifunika kioo, akaanza eda upya.