Kikombe Chenye Uzi Mwekundu

Mpishi wa kantini ya shule alikuwa na hasira ya miezi minane, na yote ilikuwa halali yake.

Kila baada ya wiki mbili tatu malengelenge yalimtoka mikononi na mapajani, makubwa kama maharagwe, yamejaa maji, yanawasha hadi hakaliki. Madaktari wanne walishamwona. Wa kwanza alisema fangasi. Wa pili, upele. Wa tatu akasingizia sabuni ya vyombo. Wa nne hakubandua hata macho kwenye kompyuta, akamwambia apunguze mawazo. Mawazo! Mtu ngozi inamtokota kama uji jikoni, halafu tiba yake ni kuacha kuwaza?

Kazini nako kulishaharibika. Msimamizi alimtoa kwenye sufuria akampeleka kupanga viti, na kikombe chake cha chai kikafungwa uzi mwekundu kwenye kishikio, kikatundikwa peke yake, asije mwingine akakinywea.

"Niletee karatasi ya daktari kabla mwezi haujaisha," msimamizi alimwambia. "Iseme ni ugonjwa gani, na kama unaambukiza. La sivyo natafuta mpishi mwingine."

Miaka kumi na moja amewalisha watu wale, leo wanamfungia uzi!

Asubuhi ya kwenda kwa daktari wa ngozi, mama yake alishachemsha sindano. Ndiyo ilikuwa desturi yake: kila siku ya hospitali humtoboa malengelenge yote, akayakamua, akampaka dawa ya zambarau.

"Lete mkono."

"Leo niache, Mama. Yananiuma."

"Uende mbele ya daktari unavuja kama bomba bovu? Watasema hukulelewa."

Mpishi alinyoosha mkono, kisha akaurudisha haraka. Mara zote nne! Madaktari wote wanne waliona vidonda na rangi, hakuna hata mmoja aliyewahi kuona lengelenge zima.

"Mama, tumekuwa tunaficha ugonjwa kwa mikono yetu wenyewe."

Mama alibaki na sindano yake hewani, uso umemshuka. Kisha naye akawaka. "Na wao? Hata mmoja hakuuliza hiyo rangi imefunika nini?"

Swali hilo mpishi alikwenda nalo hadi hospitali. Daktari wa ngozi alikuwa ameshaanza kuandika kabla mgonjwa hajakaa vizuri.

"Samahani, daktari, weka kalamu kwanza. Niangalie."

Akapandisha mkono wa gauni. Daktari akavaa miwani, akainama, akabonyeza lengelenge moja taratibu kwa kidole. Alipoinuka hakugusa kalamu tena. Alikata vipande viwili vidogo vya ngozi akavipeleka kupimwa.

Majibu yalitoka siku ya mwisho ya mwezi. "Pemfigoidi," daktari alisema, akalirudia jina hilo mpaka mpishi akaweza kulitamka. Kinga ya mwili wake ilikuwa inaishambulia ngozi yake yenyewe. Dawa ipo, atatumia kwa muda mrefu, na ugonjwa hauambukizi kabisa. Mpishi alilia pale pale kitini. Miezi minane kwa jambo la kutazamwa tu!

Alikwenda moja kwa moja kantini na barua ya daktari. Msimamizi akaipitia barua kwa macho.

"Soma kwa sauti, na wenzangu wasikie."

Wapishi wakaacha visu. Msimamizi akasoma, na alipofika kwenye "hauambukizi" sauti ikamfifia, ikabidi arudie.

"Basi vizuri," akasema. "Kesho rudi kwenye sufuria. Yameisha."

Yameisha? Mpishi alikitungua kikombe chenye uzi mwekundu, akakijaza chai, akakiweka mbele ya msimamizi.

"Kunywa, bosi."

Msimamizi alikitazama kikombe, akaitazama barua aliyoisoma kwa mdomo wake mwenyewe. "Nimeshakunywa chai," akasema.

"Haidhuru," mpishi akajibu, akavuta kiti akakaa. "Nitakungoja upate kiu."