Mikono Iliyooshwa kwa Mafuta ya Taa

Asubuhi moja mjukuu wangu aliukataa mkono wangu. Mimi ndiye nampeleka shule, na barabara kubwa tunavuka tumeshikana. Siku hiyo alishika shati langu.

"Babu, unanikwaruza."

Bibi yake akacheka mlangoni. "Miaka yote nimelala na msasa, nimenyamaza. Mtoto ndiye kasema."

Katikati ya barabara pikipiki ilipiga honi, mtoto akashtuka, akaliachia shati. Nilimdaka begani. Nilimfikisha shule, nikaenda kazini.

Mimi ni fundi wa kujenga. Saruji mbichi inakula ngozi. Jioni tunaosha mikono kwa mafuta ya taa, kisha tunasugua kwa mchanga na sabuni ya unga. Ndivyo nilivyofundishwa. Sasa viganja vilikuwa vimepasuka mpaka damu.

Nikaenda zahanati. Muuguzi, binti wa umri wa mwanangu, akaigeuza mikono yangu.

"Mzee, unaiosha na nini?"

Nikamwambia. Akashika kichwa.

"Ngozi ya juu ni kama ukuta wako. Chembe zake ndizo matofali, na katikati kuna mafuta yanayoyashikanisha. Maji hayatoki ovyo, uchafu hauingii. Mchana saruji inayaharibu, jioni wewe unakwangua yaliyobaki."

"Basi nipe dawa ya kuziba."

"Inajiziba yenyewe. Ngozi mpya inatoka chini kila siku. Wewe acha kubomoa tu. Zege ulilomwaga leo, kesho unalifanyaje?"

"Nalimwagia maji, nalifunika magunia, siku saba. Likikauka haraka linapasuka."

"Kumbe unajua! Zege unalionea huruma, mikono yako huionei?"

Nikanunua glovu za mpira na mafuta ya mgando. Nikawa naosha kwa sabuni laini, napaka mafuta ngozi ikiwa na unyevu bado.

"Bwana harusi huyo!" wenzangu walipiga kelele. Niliwaacha wacheke.

Wiki ya kwanza sikuona kitu, nusura niache. Ya pili, mipasuko ikaanza kufunga. Ya nne nilishika mwiko bila kuuma meno.

Jumatatu tulifika barabara kubwa. Mjukuu alilifuata shati langu kama kawaida, akasita, akanigusa kiganja kwa kidole kimoja.

"Bado kidogo, babu," akasema. "Lakini leo nitashika."

Tukangoja lori lipite, tukavuka.