Baba Mkwe Kwenye Matete

Tulia alimtambua kwa namna alivyoshuka kwenye basi: mgongo kwanza, mkono mmoja kwenye mlango, mwingine kwenye kofia. Ni Mzee Ambindwile wa Nkunga, baba mzazi wa mumewe. Tulia akarudi nyuma taratibu na kujibanza kwenye rundo la majaketi ya kuelea.

Kwa Wanyakyusa wa zamani, mke wa mtoto na baba mkwe hawaangaliani wala hawasemeshani. Siku hizi wengi wameuacha mwiko huo, wanakaa benchi moja kanisani na maisha yanasonga. Mzee Ambindwile alikuwa hajauacha. Tangu Tulia aolewe na Obed, wakienda Nkunga yeye alipitia mlango wa jikoni, na mzee akikohoa uani, alichepukia migombani mpaka apite. Salamu zao zilitumwa. "Mwambieni mkwe ndaga kwa sukari." "Mwambieni baba asante kwa ndizi." Hakuna aliyelalamika.

Alichojua mzee ni kwamba mkwewe anafanya kazi ya utalii Tukuyu. Akilini mwake hiyo ilikuwa meza, kompyuta na kiti cha kuzunguka. Hakujua kwamba kila Jumamosi mkwe huyo huteremka hadi bonde la chini la Mto Mbaka, anavaa kaptura, na kuwaongoza watu kupiga makasia kwenye kayaki.

"Vipi, umeona nyoka?" Venance alimuuliza. Yeye ndiye mwenye kayaki.

"Afadhali nyoka. Yule wa kofia ni baba mkwe wangu."

Venance naye ni Mnyakyusa, mtoto wa Bulyaga. Hakuhitaji kuelezwa zaidi. Alipiga mluzi wa chini. "Basi wewe tangulia na wanaojua. Mimi nitabaki na hawa wageni wa maji. Hamtaonana mpaka jioni."

Wageni wenyewe walikuwa wastaafu wa kiwanda cha chai, walioamua kwamba mwaka huu hawali pilau ukumbini, wanatembea. Tukuyu walikuwa wameiacha kwenye ukungu, wamejifunika masweta. Huku bondeni jua liliwapokea bila huruma na masweta yakaishia viunoni. Wachache waliowahi kupiga kasia ziwani walipewa kayaki za mtu mmoja mmoja. Wengine wote walipangwa wawili wawili. Mzee Ambindwile aliwekwa kiti cha mbele, na nyuma yake akaketi rafiki yake Lukasi, fundi mitambo mstaafu, mtu mnene mwenye sauti ya kengele.

Mto ulikuwa mpole. Uliwabeba kati ya mashamba ya mpunga na miti iliyoinama, ukawaingiza kwenye kinamasi, mahali ambapo maji hugawanyika kati ya matete na mafunjo marefu kuliko mtu. Kwazi alilia juu yao. Tulia, mbele kabisa, alifurahia kimya chake, ila kila mara sauti ya Lukasi ilimfikia kutoka nyuma ikimfundisha mwenzake kazi ambayo yeye mwenyewe hakuijua.

Mara akasikia kishindo, kicheko cha watu wengi, kisha filimbi ya Venance mara mbili. Filimbi mbili maana yake kuna mtu haonekani.

Aliwaacha watu wake kwenye maji mapana na kurudi mbio. Kayaki moja ilikuwa imepinduka kwenye maji ya kiunoni, na Venance alikuwa anawainua waliolowa. Katika zogo lile, wazee wawili walikuwa wamechukuliwa na mkondo mwembamba wa kushoto. Venance hakusema jina. Alielekeza tu kwa kidevu, na macho yake yakaomba radhi.

Tulia aliingia kwenye matete akifuata kelele.

"Piga kulia!"

"Napiga!"

"Hiyo ni kushoto, gwe mundu!"

Kisha kelele zikakatika, na hilo ndilo lililomfanya aongeze kasi. Aliwakuta kayaki imekwama mkingamo kati ya mafunjo. Lukasi alikuwa ameona nyasi zilizotanda mbele ya macho yake akadhani ni ardhi, akashuka ili asukume. Nyasi zilikuwa zinaelea tu. Sasa alikuwa majini hadi kifuani, jaketi limempanda masikioni, ameng'ang'ania mkia wa kayaki.

Mzee Ambindwile aligeuza shingo. Akamwona Tulia, akashusha kofia mpaka puani.

"Mungu mkubwa, mwongozaji amefika," alisema Lukasi.

"Si mwongozaji," mzee alijibu kutoka ndani ya kofia. "Ni mkwe."

Chura mmoja aliruka majini. Tulia akamgeukia Lukasi, kama adabu ilivyotaka.

"Baba, naomba umwambie baba aweke kasia mapajani, atulie."

"Ambindwile, mkwe anasema uweke kasia..."

"Nimesikia. Mwambie nimeweka."

"Mkwe, anasema ameweka. Nyie watu! Mimi nazama, mnanigeuza posta!"

Tulia aliuma mdomo asicheke. Aliziunganisha kayaki ubavu kwa ubavu, akahamia kiti cha nyuma alichokiacha Lukasi, kisha akamwinamia na kumvuta kwa mikanda ya jaketi mpaka akapanda kwa tumbo kwenye kayaki ndogo aliyokuja nayo Tulia, akahema kama kambare. Tulia akaifunga kwa kamba nyuma yao. Lukasi sasa alikuwa mzigo, na hakuwa na pumzi ya kupeleka salamu za mtu.

Upepo uliwasukuma tena kwenye mafunjo. Mzee aliinua kasia, akapiga upande usiofaa. Tulia aliutazama mgongo ule mwembamba ambao hakuwahi kuwa nao karibu hivi. Lakini matete hayana mlango wa jikoni.

"Baba," alisema. "Piga kulia."

Mgongo ulikakamaa. Kisha kasia likaingia majini, kulia.

"Tena, baba. Tena. Sasa acha."

Pua ya kayaki ikageuka. Mzee akainua kofia kidogo, kiasi cha kuona mbele tu.

"Lisizame sana," Tulia aliendelea. "Chota juujuu, kama mnavyochuma chai."

"Sikuchuma," mzee alijibu. "Nilikuwa kwenye mashine za kukaushia."

Mabega yakatikisika, na Tulia akajua anacheka. Baada ya hapo makasia yao yakaanza kuingia pamoja na kutoka pamoja. Mkondo ukapanuka, yungiyungi zikawapisha.

"Nani alikufundisha?" mzee aliuliza, akiyauliza maji yaliyo mbele yake.

"Venance, kule Matema, ziwani. Nilianguka sana."

"Obed anajua?"

"Anajua. Aliogopa kukuambia. Alisema utakataa mke wa mtu ashinde majini."

Mzee alipiga kasia mara kadhaa. "Ningekataa kweli," alisema.

Chakula kilikuwa ufukweni, walikowakuta wenzao: wali na samaki, kwenye mikeka miwili. Mzee Ambindwile alichagua mkeka wa mbali na kuketi akimpa Tulia mgongo. Tulia hakuumia, hakutegemea mwiko wa miaka yote uyeyuke kwa asubuhi moja. Alijipakulia, akaketi na akina mama, akamsikiliza Lukasi, aliyekwisha kukauka, akihadithia jinsi alivyojitosa majini kwa hiari ili kumwokoa rafiki yake aliyekuwa akilia.

"Nikamwambia, Ambindwile, shikilia, mimi nakuja..."

"Tulia!" mzee aliita.

Hakugeuka. Lakini alikuwa ameita jina lenyewe, kwa sauti iliyofika mikeka yote miwili, na Venance aliacha kutafuna.

"Abee, baba?"

"Waambie watu ukweli."

Tulia akaweka sahani chini, akafuta vidole, akawaambia.