Safu ya Tatu

Katika nyumba ile ya mtaa wa Kiamunyi, mtu pekee aliyejua kufunga viti vya watoto garini sawasawa alikuwa Kui, yaya wao. Kemboi, mwenye nyumba, aliivuta mikanda kwa hasira mpaka ikakwama. Mkewe Natalie alifunga vizuri lakini polepole, na pacha mmoja akianza kulia alisahau alikuwa amefika wapi. Kui alikandamiza kiti kwa goti, akapitisha mkanda, akauvuta mara moja, na kiti kikatulia.

Watoto walikuwa watatu: Travis, wa miaka mitatu na nusu, na mapacha wa miezi minane, Kiplimo na Jelimo. Gari lao dogo lilibeba viti viwili tu nyuma, na katikati yake Kui alijibana upande upande, Jelimo mapajani. Hivyo ndivyo walivyokwenda kanisani, kliniki na kwa kina Kemboi kule Njoro, mpaka Jumapili moja ng'ombe alipokatiza barabara ghafla. Kemboi alikanyaga breki. Jelimo alichomoka mikononi mwa Kui, na Kui akamdaka mguu kichwa kikiwa kimeshagonga kiti cha mbele. Mtoto alipata nundu tu kwenye paji la uso. Lakini Natalie alikaa kando ya barabara amemkumbatia, na kabla hawajafika nyumbani alikuwa ameshaamua.

"Hii tunauza," alisema. "Tunatafuta gari kila mtoto ako na kiti yake."

"Na Kui?" Kemboi aliuliza.

"Na Kui pia."

Kui aliyasikia hayo. Alikuwa na mtoto wa nne moyoni, ambaye hakuna mtu katika gari lile aliyemjua.

Alipoajiriwa, miaka miwili na nusu iliyopita, Natalie alimuuliza, "Uko na mtoto?" Kui akajibu hana. Katika nyumba mbili alizojaribu kabla ya hapo alikuwa amesema ukweli, na zote mbili aliambiwa angoje simu ambayo haikupigwa. Ukweli ni kwamba alikuwa na msichana wa mwaka mmoja na nusu, Mugure, aliyemwacha kwa mama yake huko Kabazi, mwendo wa saa moja hivi kutoka mjini. Mwanzoni alikwenda kumwona kila mwezi siku yake ya mapumziko, ofu, akidai anaenda kumsaidia mama yake shambani. Mapacha walipozaliwa, ofu zikakatika. Natalie hakukataa waziwazi. Alisema tu, "Mwezi huu tuvumiliane, Kui," na mwezi uliofuata akasema vilevile. Ikapita miezi minane. Mugure sasa alikuwa na miaka minne, na kwenye simu alijibu neno moja moja, kama mtu anayeongea na mgeni.

Siku nyingine, akimwogesha Jelimo, Kui alijaribu kukumbuka uzito wa Mugure alipokuwa wa umri huo. Mikono yake ilikataa. Ilijua uzito wa Jelimo tu.

Walikwenda yadi ya magari siku ya Jumamosi asubuhi, wote sita, na viti vitatu vya watoto. Kiti cha tatu kilisafiri kwenye buti. Aliyewapokea alikuwa Hafiz, mzaliwa wa mtaa wa Bondeni, mtu wa makamo mwenye sauti ya upole.

"Karibuni sana. Familia namna hii haitaki kuelezewa, yajieleza yenyewe," alisema, akiwatazama mapacha. "Baba, wewe umependa gani?"

Kemboi tayari alikuwa amesimama kando ya gari jeusi, refu, la chini chini, lenye safu tatu za viti. Alilizunguka mara mbili, akagusa bodi yake kwa kiganja.

"Hii. Mama Travis, ona hii."

"Ni smart," Natalie alikubali. "Kui, hebu weka viti tuone."

Kui akaviweka. Vitatu vyote viliingia safu ya katikati, vimebanana mabega. Kemboi akapiga makofi. Kui akafunga mlango, akaufungua tena, akasimama akiangalia.

"Baba Travis, hapa sawa. Lakini huko nyuma mtu anaingilia wapi? Hivi viti havikunjiki kama mtoto amefungwa."

"Si utapitia kwa buti," Kemboi alisema, akacheka.

"Naweza kupitia," Kui alijibu bila kucheka. "Lakini Travis akitapika, nitamfikia aje? Na Kiplimo anapenda kujishusha huu mkanda wa kifua. Kila safari. Lazima mtu akae karibu aurudishe."

Natalie alimgeukia. "Anajishusha mkanda? Sijawahi kuona."

"Wewe huwa mbele, mama Travis."

Hafiz aliwaongoza hadi mwisho wa mstari, mahali palipokuwa na gari la kijivu lenye umbo la sanduku, aina ya Noah, na akauvuta mlango wake wa ubavuni. Ukateleza nyuma wenyewe taratibu. Safu ya katikati ilikuwa na viti viwili vilivyoachana, na kati yake njia ya mtu kupita mpaka nyuma.

"Haina urembo," Kemboi alisema kwa huzuni.

"Haina," Hafiz alikubali. "Ila mwambie dada aweke viti."

Kui aliweka mapacha katikati, mmoja huku mmoja kule. Akapita kati yao bila kuinama sana, akamfunga Travis safu ya tatu dirishani, akaketi kando yake. Kutoka hapo, akinyoosha mkono, aliwafikia wote watatu. Kushoto kwake kilibaki kiti kimoja.

"Na hicho ni cha nani?" Natalie aliuliza kutoka nje.

"Cha mgeni," Kemboi akasema. "Au mnataka tuongeze mwingine?"

Wakacheka wote. Kui aliweka mkono juu ya kile kiti kitupu, akaona jinsi mtoto wa miaka minne angekaa hapo, miguu ikining'inia, na akauondoa mkono haraka.

Kemboi bado hakuridhika. Alitaka kujua kama gari lile litapanda mlima likiwa limejaa.

"Basi tulijaze," Hafiz alisema. "Tushike barabara ya Subukia. Huko vilima viko."

Barabara hiyo ndiyo inayokwenda Kabazi. Kui akaukaza tena mkanda wa Travis, ingawa ulikuwa umeshakazwa.

Kemboi alishika usukani, Hafiz kando yake, na Natalie, kwa mara ya kwanza tangu awe mama, akakaa nyuma kabisa, kwenye kile kiti cha mgeni. Walipita mji mdogo wa Bahati. Barabara ikaanza kupanda. Kiplimo akajishusha mkanda wa kifua, Kui akanyoosha mkono akaurudisha, na Natalie akamtazama akifanya hivyo mara tatu kabla ya kilomita kumi kuisha.

"Kumbe hii ndio kazi yako huku," alisema.

"Ndio hii."

"Mbona uko kimya hivyo leo?"

"Niko sawa, mama Travis."

Hakuwa sawa. Hewa iliyoingia dirishani ilikuwa imebadilika, baridi, yenye harufu ya udongo uliolimwa na moshi wa miti. Mashamba ya mahindi na viazi aliyajua moja moja. Aliijua nyumba ya mabati mekundu, na kanisa lisilomalizika kujengwa. Mbele kidogo ilikuwa njia panda ya Kabazi, na siku za Jumamosi mama yake aliuza karoti hapo. Kwanza aliomba moyoni Kemboi ageuze gari kabla ya kufika. Kisha, kona moja baadaye, aliomba asigeuze.

"Inapanda vizuri," Kemboi alimwambia Hafiz, sauti yake imechangamka. "Boss, wacha nigeuzie hapo kwa stage."

Gari liliposimama kwenye kituo cha njia panda, wanawake wa mboga walilikimbilia, mmoja na kabichi, mwingine na viazi. Wa tatu alikuja polepole kwa sababu ya goti lake bovu, ameshika mafungu mawili ya karoti zenye majani. Nyuma yake, ameshika sketi yake, alikuwa Mugure.

Alikuwa amerefuka. Sweta ya kijani ambayo Kui alimnunulia sasa iliishia juu ya kifundo cha mkono. Nywele zake zilikuwa zimesukwa mistari, na Kui hakujua ni nani aliyemsuka.

"Nunua karoti, daddy," Natalie aliita kutoka nyuma. "Za hapa ni tamu."

Mama yake Kui aliinama kwenye dirisha la Kemboi, akataja bei, akapunguza kabla hajaombwa, kama kawaida yake. Vioo vya nyuma vilikuwa vyeusi, naye hakuona ndani. Mugure alisogea hadi kwenye kioo cha Travis, akajitazama humo, akatoa ulimi. Travis akacheka, akampungia mkono. Kati ya Kui na binti yake palikuwa na Travis na unene wa kioo.

Kemboi alipokea karoti, akashukuru, akaanza kuondoa gari. Mama yake Kui alimvuta mtoto kando.

"Simama," Kui alisema.

Hakuna aliyesikia.

"Baba Travis, simama! Huyo ni mtoto wangu."

Gari likasimama. Natalie alimgeukia taratibu, mdomo wazi. Kui alishapita kati ya mapacha, akauvuta mlango, akashuka na kupiga magoti kwenye changarawe.

"Mugure. Kuja."

Mtoto hakwenda. Alirudi nyuma ya sketi ya nyanyake, akachungulia kwa jicho moja.

"Ni mami yako huyo," nyanyake alimwambia. "Mami wa simu."

Kui alibaki amepiga magoti. Hakumvuta. Baada ya muda Mugure alitoka, akaja hadi karibu yake, akamgusa sikio, mahali palipokuwa na hereni ndogo, akairudisha mikono mgongoni. Hapo Kui akamkumbatia, na mtoto akakubali akiwa amekakamaa, kama anayengoja kuisha. Alikuwa mzito. Alikuwa mzito sana kuliko Kui alivyotarajia, na uzito huo ndio uliomliza.

Hafiz alishuka, akasema anakwenda kutafuta chai, ingawa hakuna aliyemuuliza. Kemboi aliwabeba mapacha kuwaonyesha mbuzi. Natalie alikuja akasimama kando ya Kui, Travis amemshika mkono.

"Ulisema huna mtoto."

"Nilisema hivyo."

"Miaka yote hii, Kui. Umelala kwangu, umenilelea watoto, na hukuniambia?"

"Ningesema, ungeniandika?"

Natalie alitazama sweta ya kijani, akatazama mikono ya mtoto inavyotokeza.

"Sijui," alisema mwishowe. "Pengine singekuandika."

"Basi."

Walikaa hapo nusu saa. Mugure alikula ndizi akiwa mapajani mwa mama yake, bila kuegemea. Travis alimwonyesha jinsi mlango wa gari unavyojifungua. Hafiz alimruhusu Mugure aufungue na kuufunga mara nyingi, na safari hii mtoto alicheka. Kisha Jelimo akaanza kulia njaa, na kabla hajafikiri, Kui akainuka kumchukua. Aliporudi na Jelimo begani, Mugure alikuwa amesharudi kwa nyanyake.

Njiani kurudi Kui alingoja kuambiwa afunge virago. Alijiandaa kwa maneno hayo, na akajishangaa kuona kwamba hayamtishi sana.

Kemboi alilipia lile gari la kijivu alasiri hiyo hiyo. Natalie alimkuta Kui jikoni akimenya zile karoti, akaketi kwenye stuli, jambo ambalo hakuzoea kufanya.

"Nimekasirika bado," alisema. "Sitadanganya. Uliniangalia usoni ukanidanganya."

"Pole, mama Travis. Ni kweli."

"Lakini nimehesabu miezi. Minane. Mimi nikienda semina siku mbili tu, naona kama nitawehuka." Alisogeza stuli karibu. "Unataka nini? Sema ukweli leo."

Kui aliweka kisu chini. Kuna mambo mengi aliyoyataka, na mengine hata yeye hakuweza kuyataja. Alitaka ile miaka miwili na nusu irudi. Alitaka kujua ni nani aliyemsuka mtoto wake.

"Nataka ofu," alisema. "Jumamosi na Jumapili, kila wiki ya pili. Isikatwe. Hata mtoto akiwa mgonjwa, hata kukiwa na wageni."

"Na nikishindwa?"

"Ukishindwa niambie mapema, nitafute kazi karibu na nyumbani."

Natalie aliinuka, akairudisha stuli mahali pake. "Sawa," alisema. Hakuahidi zaidi, na Kui hakuomba zaidi.

Mwezi wa kwanza Natalie alilitimiza neno lake. Mwezi wa pili alijaribu kusogeza siku mara moja. Kui akamwambia hapana, akafunga begi, akaenda. Huko Kabazi, Mugure hakumzoea kwa siku moja. Safari ya kwanza alilala kwa nyanyake. Safari ya tatu alikuja katikati ya kitanda cha Kui bila kusema kitu, akamwekea miguu baridi tumboni.

Jumapili moja walikuwa wakichambua maharagwe kwenye ungo mlangoni, wawili tu, jua limetoka baada ya mvua.

"Wale watoto wa gari," Mugure aliuliza, "ni wako?"

"Hapana. Ni wa mama Travis."

"Lakini wewe ndio unawabeba."

"Ndio, mimi ndio nawabeba."

Mtoto alichagua harage moja bovu, akalitupa kwa kuku. "Wakilia usiku, wanaita nani?"

Kui hakutaka kumdanganya. "Wananiita mimi," alisema.

Mugure aliashiria shambani, alikokuwa nyanyake. "Mimi huita cucu."

"Najua."

"Unaweza kunifundisha vile wanaita?"

Kui alimsogelea, akamwekea mkono kichwani, juu ya mistari aliyomsuka mwenyewe asubuhi hiyo. Zilikuwa zimebaki saa mbili kabla ya kuondoka. Akamwambia aweke ungo chini, na wakaanza kujifunza kuita.